Ujumbe Unaodai Jibu: Simu na Ujifunzaji wa Msamiati wa Kiswahili kwa Wageni

Kundi la WhatsApp la wageni wanaojifunza Kiswahili lina desturi yake iliyozoeleka. Asubuhi mwalimu hutuma neno la siku, tafsiri yake na labda picha. Wanakundi huitikia kwa kidole gumba, kisha kimya hadi kesho. Desturi hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba kazi ya simu ni kumfikishia mwanafunzi neno. Hoja ya makala haya ni kwamba kufikisha neno ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba ujumbe hufundisha msamiati pale tu unapomlazimisha aliyeupokea kulitafuta neno kichwani mwake na kulirudisha.

Watetezi wa neno la siku wanaweza kuegemea utafiti wa Thornton na Houser uliochapishwa mwaka 2005. Wanafunzi 44 wa chuo kikuu nchini Japani walitumiwa kwenye simu masomo mafupi ya msamiati wa Kiingereza, kwa vipindi vilivyopangwa, nao wakajifunza zaidi kuliko wenzao waliohimizwa kusoma maudhui yaleyale kwenye karatasi au tovuti. Lakini tuangalie kilichotofautiana. Maneno yalikuwa yaleyale. Kilichoongezwa ni ratiba. Simu ilifanya kazi ya kengele ya shule, na kengele ina faida yake, ila haimfanyi mtu akumbuke alichosomeshwa baada ya kulia.

Jaribio la Karpicke na Roediger la mwaka 2008 linatugusa zaidi, maana lugha iliyotumika ni Kiswahili chenyewe. Wanafunzi wa Marekani walijifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, mojawapo ikiwa mashua, hadi kila neno wakalipatia. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata neno kupatiwa. Walioendelea kuulizwa maneno yote walikumbuka asilimia 80 hivi baada ya wiki moja. Wale ambao maneno waliyokwisha kuyapatia yaliondolewa kwenye maswali, lakini wakaendelea kuyasoma, walikumbuka asilimia 36 hivi. La kushangaza ni kwamba makundi yote yalikuwa yametabiri kukumbuka takriban nusu. Aliyesoma tu hakuhisi upungufu wowote, na huenda hiyo ndiyo siri ya kidole gumba: neno likiwa mbele ya macho, mtu hudhani tayari ni lake.

Mtu wa isimu atapinga kwamba kujua jozi si kujua neno, na atakuwa na haki. Mgeni anayejua mashua ni nini kwa Kiingereza anaweza kudanganywa na ma- ya mwanzo, akaandika “mashua matatu yamerudi” kwa kufuata mayai na matunda. Neno piga nalo halina tafsiri moja itakayombeba mtu kutoka kupiga pasi hadi kupiga kura na kupiga magoti. Lakini pingamizi hilo linaiangusha orodha, haliangushi mazungumzo. Mwalimu akiuliza “Mashua ngapi zimerudi?”, hakuna namna ya kujibu kwa sentensi kamili bila kushughulika na ngeli, na kosa litaonekana papo hapo. Watafiti Laufer na Hulstijn walipendekeza mwaka 2001 kwamba neno hushika kadiri kazi inavyomtia mwanafunzi haja ya neno hilo, kulitafuta na kulipima. Swali lile dogo linagusa angalau la kwanza na la mwisho.

Lipo pia pingamizi kwamba vifupisho vya ujumbe wa simu huharibu lugha, nami nalichukulia kwa uzito kuliko ilivyo kawaida. Hoja ya mwanaisimu David Crystal kwamba ufupishaji hauharibu lugha ya vijana inawahusu wanaoimiliki lugha tayari. Mgeni anayekutana na “cjui” hunyimwa si- ya ukanushi, kiungo ambacho ndicho alichokuja kujifunza. Na “2po” humtaka asome tarakimu kwa Kiingereza ili apate neno la Kiswahili! Kwa hiyo miezi ya mwanzo kundi liandike kwa ukamilifu. Baadaye vifupisho hivyo vigeuzwe zoezi la kufumbua, kwani atakutana navyo tu.

Linabaki suala la mwalimu mwenye wanafunzi 30 wanaojibu usiku mmoja. Hapa teknolojia haimpunguzii mzigo, inamwongezea, na mpango usiolikiri hilo utakufa mwezi wa pili. Nafuu ipo katika kuligawa kundi kwa watu watano au sita wanaoulizana wenyewe, mwalimu akipitia mara mbili kwa wiki, na katika kuliuliza tena neno la Jumatatu siku ya Alhamisi, kisha baada ya wiki mbili, badala ya kuleta jipya kila asubuhi. Maneno yatakayofundishwa kwa mwezi yatapungua sana. Mwalimu anayepimwa kwa wingi wa maneno aliyotuma hatapenda hesabu hiyo, na wala wakuu wake.