Ndege ya Akina Wright na Kibao Kilichoipeleka Uhamishoni

Ndege ya ndugu wawili Wilbur na Orville Wright iliruka siku moja tu, tarehe 17 Desemba 1903, kwenye uwanda wa mchanga karibu na Kitty Hawk, jimbo la North Carolina. Leo imo katika makumbusho ya usafiri wa anga ya taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Kutoka kwenye mchanga ule mpaka kuingia Smithsonian ilichukua miaka 45, na miaka 20 ya mwisho ndege hiyo ilikuwa Uingereza. Chanzo cha uhamisho huo ni kibao cha maelezo kilichowekwa chini ya ndege nyingine.

Tuanze na chombo chenyewe. Kina mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye upana wa mita 12.3 kutoka ncha hadi ncha. Kiunzi ni cha mbao, kimevishwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Injini ya silinda nne, yenye nguvu za farasi zipatazo 12, ilitengenezwa na fundi wao Charlie Taylor katika karakana ya baiskeli mjini Dayton, Ohio, na minyororo iliyozungusha pangaboi mbili inaonyesha wazi kwamba waundaji walikuwa mafundi baiskeli. Rubani alilala kifudifudi. Alipokisogeza upande kiuno chake, nyaya zilizofungwa kwenye kilalio chake zilizipinda ncha za mabawa na ndege ikainamia upande alioutaka. Kwangu mimi hapo ndipo penye thamani yote ya ugunduzi huu. Wengine walitafuta nguvu za kuinuka, lakini akina Wright walijiuliza pia mtu ataitawalaje ndege akishafika juu.

Siku ile waliruka mara nne. Ya kwanza, Orville akiwa rubani, ilidumu sekunde 12 na kufika kama mita 36. Ya nne, ya Wilbur, ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260. Kisha upepo ukaibiringisha ndege ikiwa chini, ikavunjika, wala haikuruka tena.

Ushahidi wa siku hiyo umo kwenye karatasi na kioo. Orville aliisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu na kumwomba John T. Daniels, mmoja wa waokoaji wa pwani, aifyatue ndege ikiinuka. Picha ikatoka barabara. Negativi yake ya kioo, iliyoharibiwa kidogo na mafuriko ya Dayton ya mwaka 1913, imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ipo pia telegramu waliyompelekea baba yao, yenye makosa mawili ya mitambo au ya wapokezi: sekunde 59 zimekuwa 57, na jina la Orville limeandikwa vibaya. Anayeisoma telegramu peke yake atarithi makosa hayo. Akiiweka kando ya shajara ya Orville, hesabu inajirekebisha.

Sasa ile ndege nyingine. Samuel Langley, mkuu wa Smithsonian, alipewa na Wizara ya Vita ya Marekani dola 50,000 aunde chombo cha kubeba mtu. Kilijaribiwa mara mbili kutoka juu ya mashua kwenye mto Potomac, tarehe 7 Oktoba na 8 Desemba 1903, na mara zote mbili kiliangukia majini. Langley alifariki mwaka 1906. Mwaka 1914 Smithsonian ikamkabidhi Glenn Curtiss chombo hicho akijaribu tena, ilhali Curtiss huyo, muunda ndege, alikuwa ameshtakiwa na akina Wright katika kesi ya hataza na alihitaji kuonyesha kwamba hawakuwa wa kwanza. Alikibadilisha sana, akakiinua kidogo juu ya maji. Kisha kikarudishwa katika umbo lake la mwaka 1903 na kuwekwa kwenye maonyesho, kibao kikidai kuwa ndicho chombo cha kwanza chenye uwezo wa kuruka na mtu. Kukifuta kile kilichobadilishwa na kuyabakiza matokeo yake ni kosa zito kwa taasisi yenye dhamana ya kutunza kumbukumbu.

Wilbur alikwisha kufariki mwaka 1912, kwa hiyo Orville alibaki kupigana peke yake. Mwaka 1921 Mwingereza Griffith Brewer alitoa hadharani orodha ya mabadiliko ya Curtiss, lakini kibao hakikubadilishwa vya kutosha. Mwaka 1928 Orville akaipeleka ndege yake katika Makumbusho ya Sayansi mjini London. Ni mwaka 1942 tu ambapo mkuu wa Smithsonian wakati huo, Charles Abbot, alichapisha tofauti zote za kile chombo, safu mbili zikilinganishwa, 1903 na 1914. Mwaka uliofuata Orville aliiandikia London akiomba ndege irudi nyumbani. Alifariki Januari 1948. Ndege ikavuka bahari kwa meli mwaka huohuo na kuonyeshwa Washington tarehe 17 Desemba.

Si kila kipande chake ni cha asili. Mtaimbo wa injini ulipotea baada ya kuazimwa kwa maonyesho ya New York mwaka 1906, na kitambaa kimebadilishwa mwaka 1927 na tena 1985. Vipande vya kitambaa cha zamani na mbao za pangaboi vilifika mwezini mwaka 1969, vikiwa vimebebwa na Neil Armstrong.

Smithsonian iliinunua ndege kwa dola moja, kwa mkataba wenye sharti gumu: ikitangaza kwamba chombo kingine kiliruka na mtu kabla ya hicho, warithi wa Orville wana haki ya kuichukua. Wanaomtetea Gustave Whitehead, wakisema aliruka mwaka 1901, hulishika sharti hilo kama uthibitisho wa njama. Binafsi silipendi, kwa sababu mtafiti wa makumbusho hapaswi kufungwa na hati ya mauzo. Hata hivyo dai la akina Wright halikujengwa juu ya mkataba huo. Picha ya Daniels, shajara na telegramu vilikuwapo miaka 45 kabla haujatiwa saini, na kwa Whitehead haijapatikana hata picha moja inayomwonyesha akiwa angani katika chombo chenye injini.