Kukataa na Jamaa Zake katika Historia ya Uwanda wa Kati

Mwanafunzi atafutaye Kiswahili cha kitenzi cha Kiingereza "turn down" huridhika upesi na neno moja, kukataa. Neno kwa neno, kitenzi hicho ni kugeuza kitu kikaelekea chini, nacho hutumika hata kwa kupunguza mwanga wa taa. Lakini katika maana ya kukataa chataka mambo matatu: ombi lililoletwa, mtu mwenye uwezo wa kuamua, na uamuzi wenyewe. Kiswahili hakiyafungi mambo hayo katika neno moja. Hugawanya kazi hiyo kwa vitenzi kadhaa, na historia ya Dodoma na nchi iliyoizunguka yaonyesha kwamba vitenzi hivyo si visawe kamili.

Cha kwanza ni kunyima. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, nchi kavu ambayo maji yake yalikuwa katika visima na madimbwi machache. Watemi wa Kigogo walidai hongo ya nguo, shanga na nyaya. Hata Stanley, alipopita mwaka 1871, aliilipa. Asiyelipa hakupewa njia wala maji. Kusema kwamba watemi "walimkataa" msafiri ni kupotosha habari, kwa maana hawakuwa na chuki na msafiri. Walimnyima kitu kilichokuwa mikononi mwao mpaka atimize haki yao. Anyimaye ana mali. Akataaye huenda hana kitu ila neno lake.

Cha pili ni kukataa chenyewe, nacho ni kipana kuliko kile cha Kiingereza. Umbo lake la kutendea, katalia, labakiza sauti ya l iliyopotea katika kataa, na kutoka shina hilohilo twapata kataza. Tena hakihitaji mtenda mwenye akili: mlango hukataa kufunguka na mbegu hukataa kuota. Mpango wa karanga ulioanzishwa Kongwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ni mfano mzuri. Mvua ilikuwa haba, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zikawa taabu kung'olewa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Mswahili husema, bila kutia chumvi, kwamba ardhi ilikataa. Kitenzi cha Kiingereza hakiwezi kuchukua maana hiyo, kwa kuwa ardhi haikuletewa ombi wala haikuamua neno.

Cha tatu ni kususa, pamoja na umbo lake kususia. Asusaye huacha haki yake mwenyewe kwa uchungu, ili kuacha kwake kuwe ndiyo hoja yake. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa Umoja wa Katiba ya Wananchi, UKAWA, walitoka katika Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma. Mtu akiandika kwamba waliikataa rasimu, ameligeuza jambo juu chini. Rasimu ya Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza muundo wa serikali tatu, nao UKAWA waliutetea. Walichosusia ni kikao walichoona kinauondoa. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Akataaye kwa kura huhesabiwa. Asusaye huhesabiwa kuwa hayupo. Wajumbe waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014. Methali ilikwisha kuonya: ukisusa, wenzio twala. Hata hivyo chakula hicho hakikulika upesi, kwani kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.

Cha nne ni kukatwa. Mwezi wa Julai 2015, mjini humo humo, vikao vya Chama cha Mapinduzi viliwachuja wanachama 38 waliorudisha fomu za kuomba kugombea urais. Kamati Kuu ilibakiza majina matano. Jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu hadi mwaka 2008, halikuwamo. Watu wengi hawakusema kwamba amekataliwa, bali kwamba jina lake limekatwa. Sauti ya kutendwa humficha mtenda, na kinachoguswa ni jina, si mtu. Kwa hiyo mtu aliyekatwa aweza kudai kwamba hajakataliwa na watu. Na kabla ya mwezi kwisha Lowassa alikuwa amehamia chama cha CHADEMA, akagombea urais kwa tiketi yake.

Basi, anyimaye ana mali, asusaye ana haki anayoiacha, akatwaye hamwoni aliyeshika kisu, na kukataa kwabaki kwa wote, hata kwa ardhi. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo hili limekuwa zito zaidi. Mshtakiwa hukana shtaka. Shahidi hukataa kujibu. Jaji hutupilia mbali rufaa. Mfasiri akiyatia yote katika kapu moja la kukataa, msomaji hatajua tena ni nani aliyekuwa na uwezo, na ni nani aliyebakiwa na neno lake tu.