Pango Linapomzuia Mama Kusoma

Mama anayelea watoto peke yake amelaumiwa kwa miongo mingi nchini Marekani kwamba hataki kujikwamua. Historia ya nyumba za umma za nchi hiyo inatoa ushahidi tofauti. Taratibu za kupangisha na kutoza kodi ndizo zilizomweka mbali na darasa, na kila zilipolegezwa, hata kidogo, alipata nafasi ya kusoma.

Sheria ya mwaka 1937 iliyoanzisha nyumba hizo haikumtazamia mama wa namna hiyo. Mamlaka nyingi za nyumba zilitaka familia zenye baba mwenye kazi. Mwaka 1953 mamlaka ya jiji la New York iliorodhesha mambo 21 yaliyomfanya mwombaji ahesabiwe hafai. Humo mlikuwa na kuzaa nje ya ndoa, kutokuwa na kazi ya kudumu, hata kukosa samani. Yaani umaskini uliompeleka mama kuomba nyumba ndio uliotumika kumnyima nyumba. Orodha hiyo iliachwa mwaka 1968, mwaka uleule ambao Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha kanuni ya jimbo la Alabama ya kuwanyima watoto posho ya serikali kwa sababu tu mama yao ana uhusiano na mwanamume.

Alipokwisha kupokewa, likaja suala la kodi. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za St. Louis, kina mama wakiwa mstari wa mbele, waligoma kulipa kwa takriban miezi tisa, kwa kuwa wapo waliokuwa wakitoa zaidi ya nusu ya kipato chao. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilipitisha pendekezo la Seneta Edward Brooke wa Massachusetts kwamba kodi isizidi robo ya kipato. Mwaka 1974 ikaongezwa ruzuku ya kupanga nyumba za watu binafsi, maarufu kama Section 8, na mwaka 1981 ile robo ikapandishwa hadi asilimia 30.

Kikomo hicho kiliwaokoa wengi, lakini kilikuwa na mtego ndani yake. Tuchukue mama mwenye kipato cha dola 1,000 kwa mwezi, tukiacha kando makato. Analipa dola 300. Akisomea uuguzi na kuanza kupata 2,000, kodi inakuwa 600. Ada ameshalipa, yaya ameshamlipa, usiku amekesha na vitabu. Sasa karibu theluthi ya nyongeza yake inaishia kwenye pango kabla hajalipa kodi ya mapato. Mwaka 1984 serikali ilianza mradi wa majaribio uliounganisha ruzuku ya nyumba na mafunzo ya kazi, ukiwalenga hasa wazazi wasio na wenza. Sheria ya mwaka 1990 ikaja na dawa bora zaidi, mpango uitwao Family Self-Sufficiency. Mama yule bado analipa 600, ila mamlaka ya nyumba inamwekea akiba inayolingana na zile 300 zilizoongezeka, na akitimiza mkataba wake, kwa kawaida wa miaka mitano, anakabidhiwa fedha zote.

Wapo wanaosema msaada wa namna hii unazoesha watu kutegemea serikali. Hoja hiyo haisimami mbele ya mpango ambao akiba yake inakua tu pale mapato ya kazi yanapokua. Pingamizi zito zaidi limetoka kwa watafiti. Walipolinganisha washiriki na wasioshiriki, hawakuona kwamba mpango uliinua mapato kwa wastani. Ni kweli, na haifai kulifunika. Lakini tuangalie mama alichopewa: mshauri na akaunti. Hakupewa mlezi wa mtoto wala ada. Isitoshe, sheria ya ustawi ya mwaka 1996, iliyowataka wapokea posho wafanye kazi, ilihesabu mafunzo ya ufundi kuwa kazi kwa miezi 12 tu, ilhali shahada fupi ya uuguzi huchukua takriban miaka miwili. Mkono mmoja wa serikali ulimpa nyumba asome, mwingine ukamtoa chuoni kabla hajamaliza. Wengine wanalalamika kwamba si haki mmoja asaidiwe hadi afuzu wakati kati ya familia nne zenye sifa ni moja tu inayopata ruzuku ya nyumba. Malalamiko hayo yana uzito, ila yanadai ruzuku iongezwe, si kumnyang'anya aliyebahatika.

Louisville, jimboni Kentucky, shirika la Family Scholar House, lenye asili yake mwaka 1995, limeyaweka pamoja yaliyotenganishwa: nyumba ya gharama nafuu, masomo ya chuo na malezi ya watoto. Mfano huo unafaa kuigwa. Kentucky ndiko walikohamia Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili, na miongoni mwao wamo kina mama wanaolea peke yao. Kwa yeyote kati yao anayeishi kwa ruzuku ya nyumba, na wenzao wa majimbo mengine: ulizeni mamlaka yenu ya nyumba kama ina mpango wa akiba, na muulize kabla hamjaanza kazi yenye mshahara mkubwa zaidi. Si kila mamlaka inao, kujiunga ni hiari, na nyongeza ya mapato iliyopatikana kabla ya mkataba kwa kawaida haiingizwi kwenye akiba.