Kufuli Lililoonekana Baada ya Ufunguo

Msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukashika barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, ukapita Westlands na Kangemi, utafika Kabete, mahali panapojulikana tangu zamani kwa elimu ya mifugo. Hapo mwaka 1973 ilianzishwa maabara ya kimataifa ya kuchunguza maradhi ya wanyama, hasa nagana na ndigana kali. Mwaka 1994 iliunganishwa na kituo kingine kilichokuwa Addis Ababa, ikawa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Apitaye njiani hudhani kwamba ndani ya ua ule hamna habari ila za ng'ombe na kupe. Lakini mkurugenzi aliyefika hapo mwaka 1978, Anthony Allison, alikuwa amebeba kichwani fikira iliyohusu figo za watu. Nataka kukusimulia habari ya fikira hiyo, na ya picha iliyokuja kuithibitisha.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa Kenya, katika shamba la wazazi wake upande wa Gilgil. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alizunguka nchi akipima damu za watu wa makabila mengi. Pwani na kando ya Ziwa Victoria aliona kwamba watu zaidi ya 20 katika 100 walikuwa wamerithi alama ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Katika nyanda za juu hakutimia hata mmoja katika 100. Akajiuliza: urithi unaoweza kumwua mtoto aupatapo kwa wazazi wote wawili, wadumuje katika nchi kwa wingi namna hii? Jibu alilitoa mwaka 1954. Katika Uganda alipima damu za watoto 290. Kati ya 43 wenye alama ile, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Alama ile ilikuwa ngao. Watu wazima 30 wa Kiluo nao walikubali kutiwa malaria ili jambo lijaribiwe, na majina yao hayamo katika vitabu vya shule. Mimi sioni haki katika hilo.

Tazama jinsi alivyofikiri. Hakuanza na dawa, wala hakuanza na chombo kikubwa. Aliweka makundi mawili ya watu mbele yake, yanayofanana kwa mambo mengi na kutofautiana kwa jambo moja, akauliza kwa nini hawa waumwe na wale wapone. Njia hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia tena miaka 20 baadaye.

Wakati huo waganga walikuwa wamekwisha kujua kupandikiza figo, lakini mwili wa mgonjwa uliikataa figo ya mtu mwingine kama mwenye nyumba anavyomfukuza mgeni asiyemjua. Wanaofukuza ni chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Zikishamtambua mgeni, hujigawanya upesi upesi mpaka zikawa jeshi. Dawa za kuzizuia zilikuwapo, ila zilipiga chembe nyingine nyingi pamoja nazo, na mgonjwa akateseka kwa dawa baada ya kuteseka kwa maradhi.

Chembe haiwezi kujigawanya mpaka inakili maandishi yote ya urithi wake, nayo yameandikwa kwa herufi nne. Moja ya herufi hizo ni guanini. Chembe huipata kwa njia mbili. Labda umewaona mafundi wa Kamukunji, hatua chache kutoka katikati ya mji: sanduku wanaweza kuliunda kwa bati jipya, na wanaweza kuliunda kwa pipa kuukuu lililokunjuliwa. Vivyo hivyo chembe huunda guanini upya, au huokota mabaki ya zamani na kuyatumia tena.

Allison akaweka tena makundi mawili mbele yake. Kuna watoto wachache wazaliwao bila kimeng'enya cha kuokota mabaki. Hao huugua vibaya, tena ubongo wao hudhurika, lakini limfosaiti zao hufanya kazi karibu kama kawaida. Kuna wengine, kama ilivyogunduliwa mwaka 1972, wazaliwao bila kimeng'enya kingine katika ukoo huo huo wa kazi; hao limfosaiti zao hufa, na ugonjwa mdogo huweza kuwaua. Alipoyalinganisha makundi hayo na kuyapima pamoja na wenzake, wakaandika mawazo yao mwaka 1975: limfosaiti hutegemea zaidi njia ya bati jipya. Basi ukiifunga njia hiyo, utazizuia limfosaiti, na chembe nyingi nyingine zitaendelea kuishi kwa mabaki.

Njia hiyo ina mlango, na bawabu wa mlango ni kimeng'enya kiitwacho inosini monofosfeti dehidrojenesi. Jina ni refu kama safari ya Turkana. Na tukiite bawabu tu. Je, wapi pa kupata kitu cha kumzuia?

Kitu hicho kilikuwapo tangu mwaka 1893, tena kilitoka katika mahindi. Mwitalia Bartolomeo Gosio, akitafuta asili ya ugonjwa wa pelagra uliowasumbua wakulima walao mahindi, alichukua ukungu wa mahindi yaliyoharibika, akapata ndani yake fuwele za asidi fulani. Aliona kwamba asidi hiyo huzuia kimeta kisikue. Baadaye ikaitwa asidi ya mikofenoliki, ikawekwa kando kwa miaka mingi. Usije ukadhani, msomaji, kwamba mahindi yenye ukungu ni dawa. Mwaka 2004 sumu ya ukungu wa namna nyingine iliua watu 125 katika Kenya, wengi wao Makueni na Kitui.

Allison aliondoka Kabete, akaenda California katika kampuni ya Syntex. Huko, pamoja na Elsie Eugui, mwanasayansi mwenzake, aliongoza kazi ya kuigeuza asidi ile ya Gosio iwe rahisi kuingia mwilini. Mwaka 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa iliyopatikana, ili itumiwe na waliopandikizwa figo.

Angalia tarehe hiyo vizuri, kwa maana wakati huo hakuna aliyekuwa ametangaza picha ya bawabu huyo akiwa ameshikwa na dawa. Picha ilitoka mwaka 1996.

Kitu kidogo namna hiyo hakionekani kwa darubini ya kawaida. Hukusanywa kwa wingi, kikasafishwa, kikaachwa kigande polepole kuwa fuwele, kama chumvi igandavyo katika maji ya bahari yanayokauka. Kisha fuwele hupigwa miali ya eksirei. Miali hutawanyika na kuacha madoa, na kwa hesabu ndefu madoa hayo huonyesha kila atomu imekaa wapi. Max Perutz alitumia ufundi huo kwa himoglobini, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Bawabu wa mwaka 1996 alikuwa wa hamsta wa China, anayetofautiana kidogo sana na wa binadamu. Picha ilionyesha neno zuri. Bawabu hushika malighafi yake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine hushika msaidizi. Kazi ikifika nusu, msaidizi huondoka, na nafasi yake hubaki wazi. Hapo ndipo asidi ya mahindi inapoingia na kukaa, na bawabu hubaki amekamata kazi asiyoweza kuimaliza. Mwaka 1999 ikatoka picha ya kimeng'enya cha binadamu chenyewe, aina ya pili, kikiwa kimeshikamana na molekuli ndogo mbili, moja ikifanana na malighafi na nyingine na msaidizi.

Nasema aina ya pili kwa sababu binadamu anazo mbili. Ya kwanza hupatikana karibu katika chembe zote. Ya pili huongezeka limfosaiti zinapojigawanya. Dawa ya Allison, aliyefariki mwaka 2014, huzibana zote mbili, ingawa ya pili zaidi; ndiyo maana mgonjwa aitumiaye hukatazwa kupuuza hata homa ndogo. Wanakemia, wakiwa na picha mkononi, wametafuta ufunguo wa aina ya pili peke yake. Kazi ni ngumu, kwa kuwa aina hizo mbili zafanana kwa sehemu 84 katika 100.