Riyadha Ipi? Majina Mafupi ya Gikomba na ya Kompyuta

Ukiwa Pumwani, karibu na soko la Gikomba, ukauliza Riyadha iko wapi, utaonyeshwa msikiti ulio hapo hapo mtaani. Uliza vivyo hivyo Lamu, nawe utapelekwa kwenye msikiti wa Habib Saleh, ule unaojaa wageni kila msimu wa Maulidi. Jina ni moja, majibu ni mawili, na hakuna aliyekudanganya. Wenyeji wa kila mahali hukamilisha jina kwa namna yao bila kulitaja lililobaki. Asiyetaka kupotea husema "Riyadha ya Lamu", yakaisha.

Kompyuta ya mezani nayo ina desturi hiyo. Kwenye Linux hukaa katika faili iitwayo /etc/resolv.conf, ambayo mara nyingi ni fupi. Mstari wa nameserver hutaja seva itakayoulizwa. Mstari wa search hutaja kikoa kitakachounganishwa na jina fupi. Tuseme mwuza mitumba ana kompyuta mbili ofisini na search imewekwa ofisi.internal. Akiandika stoo, mashine itatafuta stoo.ofisi.internal. Jina likiwa na nukta ndani yake, kwa kawaida hujaribiwa kwanza kama lilivyo. Na nukta ikiwekwa mwishoni kabisa, nyongeza zote hukoma: hiyo ndiyo "ya Lamu" ya kompyuta.

Hatari huanza pale mtu anapokamilisha majina kwa kikoa asichokimiliki. Ofisi nyingi duniani zilijizoesha kutumia .corp na .home kwa mambo yao ya ndani, hata mwaka 2018 ICANN, shirika linalosimamia vikoa vya juu, likaamua kutoviuza kwa yeyote, maana maswali ya ndani ya ofisi yangeishia mikononi mwa wageni. Julai 2024 lilitenga .internal kwa kazi hiyo. Mwenye duka atumie hicho, au jina lake mwenyewe la .co.ke.

Zamani mtandao ulikuwa na orodha moja tu ya majina ya mashine, HOSTS.TXT, iliyotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika Stanford Research Institute kule California. Mashine zilipozidi, orodha ikashindwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, ambamo hakuna anayejua yote. Gikomba haijawahi kuwa na orodha. Unauliza Quarry Road unaelekezwa upande wa samaki, na huko unauliza tena. DNS nayo huenda hivyo: seva ya mzizi huelekeza kwa wenye .ke, yaani KENIC, nao wanakusogeza mbele hadi ufike kwa mwenye jina.

Lakini DNS na Gikomba zinatofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazonivutia zaidi. DNS inajua kusahau. Kila jibu hutolewa pamoja na muda wake, pengine sekunde 86,400, yaani siku moja. Muda ukiisha, swali huulizwa upya. Sokoni jibu halina muda. Moto wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15 na kuteketeza vibanda vingi. Mabanda yakihamishwa baada ya janga kama hilo, mteja bado anaelekezwa mahali pa zamani na mtu mwenye nia njema kabisa.

Kisha kuna mabroka. Broka wa soko haambii mteja "hakuna"; anampeleka kwa yule anayemlipa. Hilo hilo lilifanywa na VeriSign, kampuni inayoendesha .com na .net, Septemba 2003: kila aliyeandika jina lisilokuwepo alipelekwa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo. Malalamiko yakawa makubwa, na mapema Oktoba huduma ikasimamishwa. Neno "hakuna" ni jibu la kweli, na seva inayolificha haifai kuaminiwa.

Wanavyuoni wa hadithi za Mtume walilikabili mapema sana suala hili la nani wa kuaminiwa. Kwao habari huja na isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, na pete moja ikiwa dhaifu habari nzima huhukumiwa. DNS ilichelewa kufika hapo. Mzizi wake ulitiwa saini mwaka 2010 kupitia DNSSEC, ambapo kila ngazi humthibitisha aliye chini yake. Hata hivyo kompyuta nyingi za mezani hazikagui mnyororo zenyewe. Huchukua neno la seva zilizopewa. Kwa maoni yangu isnadi bado iko mbele, kwa sababu inamdai msikilizaji mwenyewe aulize imetoka kwa nani.

Na kompyuta imepewa seva ipi? Ile iliyotajwa na ruta, ambayo nayo imetajiwa na kampuni ya intaneti. Wengi hawajawahi kuchagua. Google ilifungua seva ya 8.8.8.8 mwaka 2009, Cloudflare ikaleta 1.1.1.1 mwaka 2018, na Quad9 iliyoko Uswisi ina 9.9.9.9, inayokataa kujibu majina yanayojulikana kuwa ya walaghai. Kwa saiba ambako watu hukaa foleni kuwasilisha ritani za KRA kabla ya Juni 30, wakiandika PIN na nywila kwenye mashine isiyo yao, ningechagua hii ya mwisho bila kusita. Wakati mwingine kivinjari huonya tovuti ikiwa bandia, ila mwenye haraka hubofya aendelee.

Wenye saiba wa Gikomba na Majengo, fungueni mipangilio ya mtandao kwenye kila kompyuta, mwende kwenye IPv4, msome kilichoandikwa pale pa DNS. Mkiona anwani msiyoijua, iondoeni. Kisha badilisheni nywila ya ruta iliyokuja nayo kutoka dukani, kwa sababu anayeishika ruta ndiye anayeamua kompyuta zenu zote zitamuuliza nani.