Skramu ilivyozaliwa: Japani, Boston na mhandisi kutoka Nigeria

Mwaka 1978 Nigeria ilipata wimbo mpya wa taifa. Maneno yake yaliunganishwa kutoka kwa washindani watano, na mmoja wao alikuwa kijana aliyesomea uhandisi wa kemikali Chuo Kikuu cha Lagos, Babatunde Ogunnaike. Wimbo huo uliimbwa hadi 2024, serikali iliporudisha ule wa enzi ya uhuru. Ogunnaike alikwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari Wisconsin mwaka 1981, na baadaye akajiunga na kampuni ya kemikali ya DuPont, ambako aliheshimika kama mmoja wa mabingwa wa kudhibiti mitambo ya viwandani. Hakuwa mtu wa programu za kompyuta. Hata hivyo, utaratibu unaotumika leo kuendesha miradi ya programu karibu dunia nzima kwa sehemu umejengwa juu ya somo alilolitoa.

Utaratibu huo ni skramu. Ukisoma matangazo ya kazi za teknolojia Nairobi au Dar es Salaam utaukuta umetajwa miongoni mwa sifa za mwombaji. Timu ndogo, kwa kawaida isiyozidi watu 10, hufanya kazi kwa vipindi vifupi vinavyoitwa sprinti, ambavyo kila kimoja hakipiti mwezi na lazima kimalizike kwa kitu kinachofanya kazi. Wengi wameijua skramu kupitia vikao vyake, na hapo ndipo uelewa wao unapoishia. Ni hasara, kwa sababu kabla ya vikao kulikuwa na swali zito: kazi usiyoijua mwisho wake unaiendeshaje?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kupanga kila kitu mapema. Kwanza mahitaji yote yaandikwe, kisha mchoro, kisha programu, mwisho majaribio, kila hatua ikifungwa kabla ya inayofuata. Mbinu hii ya maporomoko huhusishwa na makala ya Winston Royce ya mwaka 1970. Cha kusikitisha, Royce mwenyewe aliandika humo humo kwamba kuifuata hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Walioichukua walichukua mchoro wake na kuliacha onyo.

Dalili za njia nyingine zilitoka viwandani Japani. Mwaka 1986 wasomi wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichapisha katika Harvard Business Review uchunguzi wao juu ya bidhaa zilizobuniwa haraka kuliko kawaida, zikiwamo mashine ya fotokopi ya Fuji-Xerox, kamera za Canon na gari la Honda City. Walichokiona ni kwamba kampuni hizo ziliachana na mtindo wa mbio za kupokezana vijiti, ambapo idara moja humaliza ikakabidhi nyingine. Timu ilisogea mbele pamoja kama wachezaji wa raga, na jina la skramu limetoka kwenye mchezo huo. Honda waliwakabidhi gari hilo vijana ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 27, wakawaambia watengeneze gari ambalo vijana wenzao wangependa kuliendesha. Walitoa gari fupi lililoinuka juu, wakati mtindo wa siku hizo ulikuwa magari marefu yaliyolala chini. Wakubwa walitoa lengo, na namna ya kulifikia wakawaachia wenye kazi.

Mwaka 1993 makala hiyo ilimfikia Jeff Sutherland, rubani wa zamani wa ndege za upelelezi katika vita vya Vietnam aliyekuja kuwa mtafiti wa tiba na kisha mtu wa programu. Alikuwa katika kampuni ya Easel, Burlington, karibu na Boston. Badala ya kumletea mkurugenzi wake jedwali jingine la ratiba, aliahidi kumwonyesha kila mwezi programu inayofanya kazi. Pamoja na John Scumniotales na Jeff McKenna akaunda timu ya kwanza ya skramu. Kikao cha kila siku walikiongeza baada ya kusoma utafiti wa James Coplien wa Bell Labs juu ya timu ya kampuni ya Borland, iliyokuwa ikikutana karibu kila siku na kutoa kazi kubwa kupita kiasi.

Wakati huohuo Ken Schwaber, mwenye kampuni ndogo ya programu, alikuwa akihangaika na jambo jingine. Miongozo minene ya kuendesha miradi, ile iliyoeleza kila hatua na kila fomu, haikumfaa katika kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1995 aliibeba hadi kituo cha utafiti cha DuPont huko Wilmington, Delaware, akaiweka mbele ya Ogunnaike na wenzake. Schwaber ameandika kwamba wataalamu wale walicheka sana, kisha wakashangaa, maana waliona fani nzima ikijiendesha kwa njia isiyoifaa kabisa.

Somo walilompa linaeleweka ukilitazama kiwandani. Kama malighafi ni ileile, joto ni lilelile na matokeo ni yaleyale kila mara, unaweza kuandika hatua zote na kuziacha zijiendeshe. Lakini ukiwa na mtambo ambao mwenendo wake hautabiriki, karatasi ya hatua haikusaidii. Unapima joto na mgandamizo mara kwa mara, unalinganisha na unachokitaka, unafungua au kufunga valvu kabla mambo hayajaharibika. Kutengeneza programu ni kazi ya aina hii ya pili. Mteja hubadili mawazo, teknolojia hukataa, mtu muhimu huugua.

Hapo ndipo zilipotoka nguzo tatu za skramu: uwazi, ukaguzi na marekebisho. Kila kilichomo ndani yake kinazitumikia. Orodha ya kazi huwekwa mahali pa wazi, ikipangwa na mtu mmoja mwenye dhamana ya kusema kipi kitangulie. Kikao cha dakika 15 kila siku ni kipimo cha haraka. Mwisho wa sprinti wenye mradi huiona na kuijaribu kazi yenyewe, kisha timu hukaa peke yake kuchunguza ilivyofanya kazi. Pia yupo skramu masta, ambaye huulinda utaratibu na kuondoa vikwazo bila kuwa bosi wa mtu.

Schwaber na Sutherland waliunganisha nguvu, wakauwasilisha utaratibu huo hadharani Oktoba 1995, katika mkutano wa OOPSLA mjini Austin, Texas. Mwaka 2001 wote wawili walikuwa miongoni mwa watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, wakaandika ilani ya ajaili (agile), yaani ya kutengeneza programu kwa wepesi wa kubadilika. Mwongozo rasmi wa skramu ulitoka 2010, na toleo la 2020 lina kurasa zisizofika 15.

Ushahidi mkubwa wa nguvu za skramu ni mfumo wa mafaili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Shirika hilo lilitupa mfumo wa kwanza mwaka 2005, baada ya kuteketeza kama dola milioni 170. Wa pili, Sentinel, ulipewa Lockheed Martin mwaka 2006, na hadi Agosti 2010 dola milioni 405 kati ya 451 zilikuwa zimetumika huku awamu mbili tu kati ya nne zikiwa zimekabidhiwa. FBI wakauchukua wenyewe, wakapunguza sana idadi ya watu na kwenda kwa sprinti za wiki mbili. Mfumo ulianza kutumika Julai 2012, ndani ya bajeti ileile.

Kinachoniuma ni kuona ofisi zinazodai kutumia skramu huku kikao cha asubuhi kimekuwa cha kumtolea bosi taarifa, mmoja mmoja, kila mtu akiogopa kusema amekwama. Pasipo uwazi hakuna cha kukagua. Yale maswali matatu maarufu ya kikao hicho, ulifanya nini jana, utafanya nini leo, nini kinakukwaza, yaliondolewa kwenye mwongozo mwaka 2020. Timu ichague yenyewe namna ya kuzungumza, mradi ijue imefika wapi.

Kwa hiyo ninawaomba wanaoagiza mifumo, serikalini na katika kampuni binafsi: msikubali kusubiri miaka miwili kwa ahadi ya mkataba mnene. Andikeni katika mkataba huo kwamba kila mwezi mtaonyeshwa kitu kinachofanya kazi, mbele ya watumishi watakaokitumia, na kwamba mtakuwa na haki ya kubadili mkondo siku hiyohiyo.