Unga Uliogandisha Watu California

Julai 1982, mwanamume wa miaka 42 alifikishwa hospitali huko San Jose, California, akiwa amekakamaa kama gogo. Hasemi, hageuzi shingo, macho yamekodoka tu. Wengine walidhani ni maradhi ya akili. Daktari wa ubongo na neva, J. William Langston, akaona vidole vyake vikicheza kidogo. Wakampachika penseli na kumwekea karatasi. Herufi moja moja, kwa mwendo wa kinyonga, mtu yule akaandika kwamba anajua anachotaka kufanya, ila mwili haumtii.

Mtu mzima kabisa, amefungiwa ndani ya mwili wake! Haikupita muda wakaonekana wengine wenye hali ileile, baadhi wakiwa vijana wa miaka ya ishirini. Dalili zote zilikuwa za Parkinson, ugonjwa unaowanyemelea wazee kwa miaka mingi. Hawa uliwakamata kwa siku chache. Kilichowaunganisha ni sindano: wote walikuwa wamejidunga heroini bandia iliyopikwa kienyeji.

Jibu lilikuwa limeshaandikwa, ila halikusomwa na wengi. Mwaka 1976, mwanafunzi wa kemia wa miaka 23 huko Maryland alijipikia dawa ya kulevya iitwayo MPPP. Safari moja akaruka hatua ili amalize upesi, akajidunga, na baada ya siku tatu akakakamaa. Alipofariki mwaka 1978, ubongo wake ulichunguzwa, ikaonekana seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, zimeteketea. Taarifa ilichapishwa 1979. Lakini panya waliojaribiwa hawakupata madhara ya kudumu, na jambo lile likazimika. Naumia nikifikiria miaka ile mitatu iliyopotea.

Mwaka 1983 kundi la Langston lilimtaja mhalifu: MPTP, uchafu unaozaliwa MPPP ikipikwa vibaya, uliokuwa ndani ya heroini ile bandia. Yenyewe haiui. Ikifika kwenye ubongo, kimeng'enya kiitwacho MAO-B huigeuza kuwa MPP+, nayo hupenya kwenye seli za dopamini kupitia mlango uleule wa dopamini, kisha huzibana mitokondria hadi seli inakosa nguvu na kufa. Mwaka huohuo iliripotiwa habari ya mkemia aliyepata dalili za Parkinson kutokana na kazi yake ya kushughulika na MPTP. Ndiyo maana maabara huishika kwa hofu.

Nyani na tumbili waliopewa MPTP, tofauti na panya wale, waliathirika kama binadamu. Watafiti wakapata mnyama mwenye dalili za Parkinson kama za binadamu wa kumchunguza. Mwaka 1990 Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walionyesha kuwa wakiharibu kiini kidogo kiitwacho subthalamasi, tumbili aliyekakamaa hutembea tena. Leo wagonjwa wengi hupachikwa waya za umeme mahali hapohapo.

Wawili kati ya waathirika wa California walipelekwa Lund, Uswidi, wakapandikizwa seli za ubongo wa vijusi. Ripoti ya mwaka 1992 ilieleza kwamba mwendo wao ulikuwa umepata nafuu kubwa.